Nzuri, Ila

"Nzuri tu, mwanangu," ilisema sauti ya mama mtu mzima ndani ya visikizio. "Ndiyo kwanza tumerudi kuzika."

Mtoto mchanga akalia mahali fulani nyuma ya ukuta. Kisha sauti ya kijana, changamfu kama ya mtangaza bahati nasibu, ikauliza: "Nzuri, au nzuri sana?"

"Nzuri tu."

Halafu ngo! Kidole kikagonga kioo cha kishikwambi, jibu likaingia, na mahojiano yakasonga hadi swali la kumi na tano: Je, kaya yako inamiliki pasi ya umeme?

Mhakiki alivua visikizio akavitazama kama mtu aliyeng'atwa na kiatu chake mwenyewe. Alirudisha nyuma akasikiliza tena. Akarudisha mara ya tatu. Mama alikuwa akirudi kuzika kila mara, na kila mara alikuwa mzima.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Katika kila mahojiano mia, matano yalirekodiwa, na yeye alikaa katika chumba chembamba chenye feni iliyozunguka kwa kukohoa, akihakikisha kwamba wadadisi wameuliza maswali kama yalivyoandikwa. Huyu kijana alikuwa ameuliza kama lilivyoandikwa, nukta kwa nukta. Hapo ndipo mwiba ulipochomea, maana aliyeliandika swali ni yeye.

Miezi minane nyuma, ofisi ya takwimu ilikuwa imeamua kufanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya. Miaka yote ilipima maendeleo kwa pato: nchi imezalisha kiasi gani, imeuza kiasi gani, gawanya kwa idadi ya watu, piga muhuri. Mtakwimu Mkuu, mzee mrefu aliyetembea ameinama kana kwamba kila mlango ni mfupi, alikuwa amewaambia wakubwa kwa miaka saba kwamba hesabu ile inamchukua mwenye visima vitatu na asiye na hata ndoo, inawajumlisha, kisha inatangaza kwamba kila mmoja ana kisima kimoja na nusu. Hatimaye walimkubalia dodoso la ustawi. Watu wangeulizwa wenyewe juu ya afya yao, usingizi wao, maji, hofu na matumaini. Na katikati ya dodoso, pale moyo unapokaa, likawekwa swali la kumi na nne, lenye uzito kuliko mengine yote.

Swali lililetwa na washauri likisomeka hivi: Kwa ujumla, ungeweza kuyatathmini vipi maisha yako kwa kipindi cha hivi sasa? Mhakiki, aliyeitwa kwenye kikao kwa sababu tu ya stashahada yake ya lugha, alicheka mbele za watu.

"Swali hili lina pumu," alisema. "Nani anaongea hivi? Mkimuuliza bibi yangu hivi atadhani amekuja mpelelezi, atafunga na dirisha."

Akaomba kalamu. Akaandika: Habari za maisha siku hizi? Chini yake akapanga majibu matano, kutoka mbaya sana hadi nzuri sana. Ukumbi ukapiga makofi. "Hicho sasa ndicho Kiswahili," alisema Mtakwimu Mkuu, na tangu siku hiyo ofisi nzima ikamwita Bi Fasaha. Jina lilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyake. Alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kumbe alikuwa amechukua salamu akaiita swali. Na salamu, hata mtoto wa miaka mitatu anajua, haina majibu matano. Ina moja.

Alivuta jedwali la matokeo. Bondeni, mtaa uliojibana kati ya mto na reli, watu tisini na watatu katika kila mia walisema nzuri. Mlimani, kwenye mageti yanayofunguka yenyewe na bustani zinazonyweshewa kila asubuhi, wengi walisema wastani. Jedwali liliwaamini wote sawasawa. Alhamisi wakubwa wangekaa kuchagua mitaa mitano ya kujengewa zahanati, wakianzia na wenye ustawi wa chini, na kwa mujibu wa jedwali mlimani ilikuwa ya nne katika orodha. Bondeni ilikuwa ya mwisho kabisa: mtaa wenye furaha kuliko yote mjini.

Leo ilikuwa Jumatatu.

Alimkuta mdadisi wa rekodi ile kwenye ngazi za nyuma, anachaji kishikwambi na kutafuna karanga. Walimwita Upepo kwa sababu alimaliza kaya ishirini kwa siku wakati wenzake wakihangaika na kumi na mbili.

"Upepo, kuna mama amekwambia wametoka kuzika."

"Nani?"

"Kaya ya mia mbili na sita. Bondeni."

"Aa, mshona magodoro." Akaacha kutafuna. "Namkumbuka. Watu walikuwa bado wako uani kwenye viti vya kukodi."

"Ukaandika nzuri."

"Kasema nzuri, Bi Fasaha! Ulitaka nifanyeje, nimbishie? 'Hapana mama, wewe hali yako mbaya, niamini mimi'?"

"Ungemsikiliza."

"Dodoso lina maswali ishirini na saba. Nionyeshe kisanduku cha kumsikiliza, nitakijaza." Akamtazama kwa pembe ya jicho. "Lakini habari za leo?"

"Nzuri."

Neno lilimtoka kabla hajalikamata. Upepo hakucheka, angecheka ingekuwa afadhali. Alimsogezea tu kifuko cha karanga.

"Umeona?" alisema polepole. "Na wewe ndiye uliyeliandika."

Alirudi chumbani akasikiliza hadi masikio yakamchoma. Hakusikiliza tena majibu. Alisikiliza kilichofuata majibu, ule mkia mfupi wa maneno ambao wadadisi waliukata kwa kidole. Nzuri, mguu tu huu. Nzuri, tunasukuma siku. Salama, mume wangu ndiyo hajaonekana tangu mwezi wa tatu. Nzuri, maji si unayajua. Ngo. Ngo. Ngo. Kisha akafungua rekodi za mlimani, na huko mtu hakuwa na haja ya mkia. "Mh! Wastani," alisema bwana mmoja kwa sauti ya kukereka. "Mbwa wa jirani anabweka tangu Jumapili na hakuna anayechukua hatua."

Bi Fasaha aliandika pembeni ya daftari: Kulalamika ni anasa ya mtu aliyewahi kusikilizwa. Akaisoma sentensi, akaiona nzuri, akajichukia kwa kuiona nzuri, akaifuta. Sentensi nzuri ndizo zilizomfikisha hapa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na sasa alielewa kwa nini: dole likitoka damu mwenyewe unaiona. Ulimi wake ulikuwa umejikwaa miezi minane iliyopita, na damu ilikuwa inamtoka mtu mwingine.

Asubuhi ya Jumanne alibisha hodi kwa Mtakwimu Mkuu kabla mzee hajavua koti.

"Mzee, swali la kumi na nne ni bovu. Nimeliharibu mimi."

Alimwekea rekodi. Mzee aliisikiliza amesimama, mkono mmoja ungali ndani ya koti. Ilipokwisha, alikaa chini taratibu.

"Nani mwingine ameisikia?"

"Upepo. Na mimi."

"Basi iishie hapo." Alipoona uso wake ulivyobadilika aliinua kiganja. "Nisikilize kwanza, binti yangu. Watu wa hazina hawajawahi kulipenda dodoso hili. Wanasubiri kosa moja tu. Wakisikia kwamba swali la katikati ni salamu, hawatasema lirekebishwe. Watalitupa lote, na mwakani tutarudi kugawa visima. Miaka saba yangu, na mtu wa kuianza upya hayupo."

"Kwa hiyo bondeni wakose zahanati?"

"Wakose mwaka huu. Swali tutalirekebisha kimyakimya, na mwakani nchi nzima itapimwa sawasawa."

"Na yule aliyepimwa kwa kipimo kibovu mwaka huu, kimyakimya utamwambia nini?"

Mzee alivua miwani. Bila miwani alionekana kama mtu aliyeamshwa.

"Una ulimi wewe."

"Ndio ulioniponza."

Feni ya ofisi yake haikukohoa. Ilinong'ona, kama feni za wakubwa. "Alhamisi, saa nne," Mzee alisema mwishowe. "Ukija na machozi, nitakuzuia mlangoni mimi mwenyewe. Ukija na takwimu, nitakupa dakika kumi. Na ujue mkataba wako unaisha mwezi ujao. Mtu akisimama mbele ya wakubwa akatangaza kosa lake, sitakuwa na cha kumtetea."

"Sijaja kutetewa, Mzee."

Alishuka ngazi mbilimbili. Chini, Upepo alikuwa amekwisha kuvaa mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" Bi Fasaha alimuuliza.

"Unakokwenda. Mimi ndiye niliyegonga kioo."

Mshona magodoro alikuwa uani kwake, ameketi juu ya rundo la sponji, sindano yenye urefu wa kiganja ikiingia na kutoka katika kitambaa cha milia. Mtoto mchanga alilala ndani ya boksi la kadibodi lililotandikwa sponji laini kuliko zote. Bi Fasaha alikuwa ameshatunga swali jipya njiani, amelipima mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. Baada ya kusalimiana na kukaribishwa, alilitoa.

"Mama, je, umeridhika na maisha yako?"

Sindano ilisimama. "Unataka nikufuru, mwanangu?"

"Hapana, mama, mimi..."

"Nisiporidhika mimi, nitaridhikiwa na nani? Nimeridhika. Andika."

Kidole cha Upepo kilikuwa kimeshainuka. Bi Fasaha alimshika kifundo cha mkono kikiwa hewani. Alikuwa ametoka kwenye salamu akaingia kwenye mtihani wa imani. Maneno yote aliyoyajua yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno yake, kila moja likijidai, na hakuna hata moja alilolitaka.

Akaweka kalamu chini.

"Mama, nilikusikia kwenye rekodi. Siku ile mlipotoka kuzika. Ulisema nzuri."

"Ningesema nini?" Mama alimwelekezea Upepo sindano. "Kijana wa watu amesimama juani, jasho linamtoka, ana kazi yake. Nimtupie jeneza?"

"Mimi ningelipokea, mama," alisema Upepo kwa sauti ndogo.

"Wewe? Ulikuwa na haraka kama umeacha chungu motoni!" Akacheka, na wao wakacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akaendelea kushona. "Nzuri ni ya mlangoni, wanangu. Mtu haishi mlangoni."

Bi Fasaha, ambaye hakuwahi kukiacha kimya kikapita bila kukijaza, alikiacha. Uzi ulipita katika milia mara tano, mara sita.

"Nzuri," mama akasema, kama anayeendeleza mazungumzo aliyoyaacha wiki tatu zilizopita, "ila huyu mtoto halali. Anamtafuta mamaye. Mkwe wangu huyo tuliyemzika. Uchungu ulimshika saa tatu asubuhi, tukapata pikapu, hospitali si unajua ilipo, ng'ambo kule ya mji. Alifia kwenye taa za barabarani. Taa ilikuwa nyekundu, dereva akasimama. Sheria." Akakata uzi kwa meno. "Mtoto walimtoa hapohapo, wanawake wa garini. Taa ikawa kijani."

Bi Fasaha aliokota kalamu yake. Walipotoka nje ya uzio alifungua dodoso, akaruka hadi nafasi ya kumi na nne, akaandika chini ya swali lake la zamani: Nzuri, ila...?

Upepo alichungulia. "Hilo ndilo swali?"

"Ndilo."

"Lina maneno mawili."

"La kwanza lao, la pili letu."

Walifanya kaya arobaini katika siku mbili, zilezile zilizojibu mara ya kwanza: ishirini bondeni, ishirini mlimani. Walisalimia kama watu, wakasubiri nzuri yao, wakaipokea kwa heshima, kisha wakauliza ile ya pili na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi. Upepo, aliyekuwa akipuliza kaya tatu kwa saa, alijifunza kukaa na mikono juu ya magoti huku mtu akitafuta pa kuanzia. Si kila mtu alikuwa na mkia. Kinyozi mmoja wa bondeni, kichwa kimejaa mvi, alijibu: "Ila hakuna. Nzuri kweli. Nimeoa juzi!" Bi Fasaha aliliandika jibu hilo kwa uangalifu uleule, maana swali lisiloweza kujibiwa hivyo nalo lingekuwa bovu. Na mlimani, katikati ya mbwa na mageti, bibi mmoja mwenye sebule ya kupotelea mtu alifikiri sana, kisha akasema: "Ila hapa hodi sijaisikia tangu mwaka jana. Ninyi ndio wa kwanza." Waliondoka kwake wamechelewa saa nzima.

Alhamisi saa nne, mezani walikuwa saba. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyeandika kila kitu kwa penseli. Kulia kwake alikaa bwana wa hazina, tai imembana, kalamu ikizunguka vidoleni.

"Swali la kumi na nne nililitunga mimi," alianza Bi Fasaha. Alikuwa ameiandaa hotuba. Aliiona ikimponyoka na akaiacha iende. "Nililitunga vizuri mno. Likawa salamu, na watu wakaitikia."

Aliweka rekodi. Sekunde kumi na moja. Penseli ya mwenyekiti ilisimama kwenye kuzika, na haikuendelea kwenye nzuri tu.

Kisha akawawekea jedwali lake dogo. Bondeni, kwa kaya kumi na sita kati ya ishirini, "ila" yao ilikuwa maji au maradhi, na sita kati ya hizo zilimtaja mtu aliyefia njiani kabla ya kufika hospitali. Mlimani, kumi na moja kati ya ishirini zilikuwa kelele, mbwa na foleni. Tatu zilikuwa upweke.

"Kaya arobaini," alisema bwana wa hazina bila ukali, "si takwimu, dada yangu. Ni uvumi."

"Siwaombi muziamini hizi arobaini, mheshimiwa. Nawaomba msiziamini zile elfu nne za dodoso."

"Basi tumekubaliana. Hisia hazipimiki. Turudi kwenye pato, ambalo halisalimiani na mtu."

Wawili watatu walicheka. Pembeni, Mtakwimu Mkuu alitazama mikono yake, na Bi Fasaha aliiona miaka saba ikianza kukunjwa kama mkeka.

"Pato la bondeni limepanda mwaka huu," alisema. "Limo kwenye kitabu chenu, ukurasa wa tisa. Mama mliyemsikia alimzika mkwewe, aliyefia njiani kwa uchungu wa uzazi. Pikapu iliyombeba ililipwa. Jeneza lililipwa. Viti vya waombolezaji vilikodiwa. Maziwa ya kopo ya mtoto yananunuliwa mpaka leo. Vyote hivyo mmevijumlisha, mheshimiwa, na mmeviita ukuaji. Angefika hospitali akiwa hai, akarudi kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, mngepata pungufu."

Kalamu ya bwana wa hazina iliacha kuzunguka. Alifungua kitabu chake, akatafuta ukurasa wa tisa, na alipoupata hakuufunga.

Uamuzi ulitoka baada ya nusu saa, kwa sauti kavu ya mwenyekiti. Orodha ya zahanati isimame kwa siku kumi. Bondeni na mlimani waulizwe upya, kaya mia nne kila upande. Takwimu zikisimama, zitatumika. Zikiyumba, swali liondolewe, na dodoso liondoke nalo. Kuhusu mkataba wa mtu yeyote hakuna aliyesema neno.

Nje, kwenye varanda, Mtakwimu Mkuu alimfikia kwa hatua zake za kuinama.

"Siku kumi," alisema. "Kaya mia nane. Umeiweka miaka yangu saba kwenye maneno mawili."

"Najua, Mzee."

"Na ukikosea tena?"

"Sitakosea hapo nilipokosea."

Mzee akavua koti, akalitundika begani, na kusema angewatafutia wadadisi wengine sita, wasio na haraka.

Saa saba mchana Bi Fasaha na Upepo walikuwa wamerudi bondeni. Kaya ya kwanza katika orodha mpya ilikuwa kibanda cha fundi redio, mtu mwembamba aliyekuwa akilehemu huku amekunja uso dhidi ya moshi. Walisalimia. Waliuliza habari za maisha siku hizi.

"Nzuri," alisema fundi bila kuinua macho.

"Nzuri, ila?"

Moshi uliendelea kupanda kwenye ncha ya chuma. Fundi alimtazama Bi Fasaha, akamtazama Upepo, akakitazama kishikwambi kilicholala mapajani mwa kijana na vidole vilivyokaa mbali nacho. Akachomoa waya ukutani. Akaondoa juu ya benchi redio iliyopasuliwa tumbo, akapapangusa kwa kiganja.

"Kaa kwanza," alisema. "Hili si la kujibiwa mtu amesimama."

Bi Fasaha akakaa. Upepo aliangaza huku na huku, akaona debe tupu karibu na mlango, akaligeuza, naye akakaa.